Mgongo wa Mzee Bong

Mimi ni mtu wa nguo. Ukiona kauboi wetu amejaa vumbi mpaka kwenye kope, ujue vumbi lile nimelipaka mimi kwa brashi. Ukiona koti limetobolewa na risasi, tundu nimelichoma mimi kwa sigara. Naitwa Ma Geum-ok, lakini kazini wote wananiita Dada Ma, hata walionizidi umri, na anayeniita kwa kupiga mluzi simwitikii.

Filamu yenyewe ilikuwa ya makauboi, na najua unavyocheka. Wakorea na kauboi wapi na wapi? Lakini mwongozaji wetu, Pyo Jin-cheol, alilelewa na zile filamu za kauboi za Waitaliano. Kila Jumapili alikaa na baba yake mbele ya televisheni, wakala viazi vitamu, wakaangalia watu wawili wakitazamana mpaka nzi anachoka, macho yamejaa kioo kizima, kinanda cha mdomo kinalia, halafu mmoja anaanguka. Baba yake alipofariki, Pyo akaapa kutengeneza moja ya kwake, ya Kikorea, yenye majambazi wa Manchuria wa enzi za Wajapani. Watu wakamwambia amechanganyikiwa. Mimi nilimwambia vivyo hivyo, kisha nikaenda kutafuta mablanketi ya jeshi ya kushonea maponcho, yale majoho ya kauboi yenye tundu la kupitisha kichwa.

Tena hatukuwa wa kwanza. Zamani, kabla Pyo hajazaliwa, wakubwa wetu walipiga filamu za farasi na bastola kwenye mchanga wa mto. Misonobari ya nyumbani ilichungulia nyuma ya majambazi, mama mmoja alionekana kwa mbali akifua nguo, na watazamaji wakaambiwa hiyo ndiyo Manchuria. Wakaamini. Nami nilizipenda, nisiseme uongo.

Kwenye filamu hizo alikuwamo kijana anayeitwa Bong Chil-seong, na kazi yake ilikuwa kuanguka. Steringi akipigwa teke kutoka juu ya farasi, anayeanguka ni Bong ndani ya shati la steringi. Jambazi akidunguliwa juu ya paa, ni Bong. Asubuhi alikufa kama askari, mchana kama mwizi, na jioni akavalishwa gauni akatupwa mtoni kama bibi harusi. Sharti lilikuwa moja tu: uso usionekane, maana watu walilipa kiingilio waone uso wa steringi. Wahenga husema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu alikufa miaka nenda miaka rudi na kifo hakikumuumbua hata siku moja.

Pyo alimkuta Incheon, mzee wa miaka sabini na ushei, analinda geti la majumba ya ghorofa. Alimwinamia pale pale kibandani akamwambia anamtaka awe mkuu wa majambazi.

"Nitakufa?" Mzee Bong akauliza.

"Utakufa, mzee. Mwisho kabisa, na kamera iko karibu."

"Karibu na nini?"

"Na uso wako."

Pyo alinisimulia kwamba mzee aliomba radhi, akavuta kiti, akakaa kwanza.

Tulipiga kambi kwenye ile ardhi iliyokaushwa kutoka baharini upande wa Buan, tambarare, nyeupe kwa chumvi, huoni mwisho wake. Tuliweka kichwa cha nguruwe mezani, tukakisujudia, tukamimina pombe ya mchele tukiomba baraka, na kichwa kile kilikuwa kinatabasamu, kwa hiyo tukajua mambo yatakwenda. Vumbi la karibu na waigizaji hatukutumia la kweli. Tulipuliza unga wa nafaka za kukaanga, ule wa kukoroga na maji mtu akanywa asubuhi, ili wasikohoe. Siku nzima kambi ilinukia kifungua kinywa.

Siku ya pili alikuja mke wa Mzee Bong, Bi Kong Mal-sun, kwa basi, amebeba ndoo ya kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha kwa pilipili, na wali uliokunjwa kwenye mwani wa kulisha jeshi. Aliingia kwenye hema langu, akaligusa koti la mumewe mbele na nyuma, akaniangalia.

"Dada Ma, mimi nimeolewa na mgongo."

"Mgongo gani tena, mama?"

"Mgongo! Nilikuwa nambeba binti yetu, naingia naye sinema. Namwambia, tazama, yule baba yako. Ananiuliza, yupi? Namwambia, yule anayeanguka. Basi mtoto akawa anampungia mkono kila mtu anayeanguka, mpaka watu wakadhani ana kasoro." Akacheka, akajifuta macho kwa kiganja. "Mimi nilikuwa namjua kwa bega. Lakini uso, kwenye kile kioo kikubwa, sijauona. Nataka niuone kabla hatujafa kweli, yeye au mimi. Wanawake wa jengo letu nimeshawatangazia. Mkiniaibisha, nitarudi na ndoo tupu nikupige nayo."

Nikamwahidi. Sijui nilipata wapi kiburi hicho, mimi mtu wa sindano, lakini nilimwahidi.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Pambano la mwisho, mkuu wa majambazi na kijana anayemwinda, tuliliacha mpaka siku ya mwisho, maana Pyo alitaka ardhi iwe imepasuka vizuri kwa ukavu. Redio ikatangaza kwamba masika yanawahi, mvua inaingia kesho asubuhi. Ikishaingia inashika mwezi, na ikitoka pale pote panakuwa majani kama shamba la mpunga. Ama tupige siku ile, ama Manchuria yetu iote mboga.

Kijana aliyecheza mwindaji anaitwa Seon Woo-gyeom. Mzuri huyo, mabinti wanazimia, na farasi anampanda kama alizaliwa juu yake. Tatizo alilelewa na babu yake kule Andong, ambako hata mbwa hubweka kwa adabu. Na pambano lile lilimtaka afanye mambo ambayo babu yake angemchapa kwa kila moja: amkazie macho mtu mzima, asimwamkie, amtolee bastola, ampige.

Mara ya kwanza macho yakaanguka.

"Kata!" Pyo akasema. "Woo-gyeom, macho."

"Samahani, mwongozaji. Yanashuka yenyewe. Mzee ananitazama."

"Lazima akutazame, anataka kukuua!"

"Ndiyo maana naona vibaya."

Mara ya pili alikaza macho, sawa, akachomoa bastola kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto ukaja wenyewe ukaushika ule wa kulia chini ya kiwiko. Sisi ndivyo tunavyompa mkubwa kitu, ili isionekane umemrushia. Basi akampiga mzee risasi kwa heshima zote. Mshika taa alicheka mpaka akakaa chini. Mara ya tatu alipiga vizuri, mkono mmoja, lakini mzee alipoanguka kijana akainama mpaka kiunoni, huku moshi unatoka bado kwenye mtutu. Mara ya nne alikimbia kumwinua. "Pole mzee, pole, umeumia?" Nikaenda kumfuta mzee vumbi na kumpaka jingine, na goti lake nililisikia likilia kama mlango mbovu. Ng'ombe hazeeki maini, lakini magoti yanazeeka.

Tulirudia, tukarudia. Mara moja Woo-gyeom alipatia kila kitu, macho, mkono, mgongo wima. Pyo akaitazama ile mara kwenye skrini yake ndogo, akavua kofia, akaivaa tena, akasema polepole, "Tupige nyingine." Hakusema kwa nini. Wote tukamwangalia Woo-gyeom kama kwamba kosa ni lake.

Mtayarishaji wetu, Bwana Noh, akachoka. Ni mtu anayekula amesimama, huyo. Akamvuta Pyo kando, ila kando yake ilikuwa mbele ya hema langu.

"Jin-cheol, wingu lile unaliona? Tumwekee kijana fimbo aitazame badala ya mzee, hatapata shida na fimbo. Mzee tumpige picha kwa nyuma. Kofia na mgongo, anaanguka, kwisha. Kuanguka si ndiyo kazi yake?"

"Nilimwahidi uso," Pyo akasema.

"Basi mwahidi pia kwamba mvua itasubiri."

Nikatoka na sindano mdomoni. "Bwana Noh, koti hilo mbele nimelidarizi mwezi mzima. Nyuma nimeweka gunia. Unataka dunia ione gunia?"

"Dunia haitajua, Dada Ma."

"Mimi nitajua! Na mke wake atajua, na ana ndoo!"

Hapo ndipo nikamwona Mzee Bong. Alikuwa amesimama karibu na farasi wake, amesikia yote. Alitabasamu kama mtu aliyekanyagwa ndani ya basi asiyetaka kumwaibisha aliyemkanyaga.

"Msigombane kwa ajili yangu," akasema. "Mgongo wangu una uzoefu. Tule kwanza."

Roho iliniuma. Nilitaka kumpiga mtu, na sikujua nani.

Tukala tambi za baridi chini ya turubai, kila mtu na bakuli lake. Woo-gyeom alikaa mbali peke yake, hajagusa chakula. Mzee akamaliza, akafuta mdomo, akaenda akasimama mbele yake. Akaunganisha mikono, akainama mpaka kofia ikakaribia kudondoka.

"Shikamoo, kaka Woo-gyeom."

Kijana aliruka kana kwamba ameungua. "Mzee! Tafadhali, usi..."

"Mzee nani? Mnaona mzee hapa? Mimi Chil-seong, mdogo wako. Tucheze kuvua vyeo, kaka. Mpaka mwongozaji aseme kata kwenye pambano letu. Itikia basi, mgongo wangu huu unahitajika."

Mchezo huo kila mtu anaujua, ni wa kwenye pombe: kwa muda fulani vyeo vinawekwa chini, mdogo anakuwa mkubwa, anamwita bosi wake kwa jina tupu, na bosi ananyenyekea. Lakini huwa tunaucheza watu wanaopishana miaka mitano, kumi. Hakuna anayeucheza na mtu wa umri wa babu yake. Watu wakaanza kupiga vijiti kwenye mabakuli. "Itikia! Itikia!"

"Ma... marahaba."

"Sijasikia, kaka."

"Marahaba, Chil-seong!"

Turubai likalipuka kwa kelele. Mzee akamletea pombe ya mchele kwa mikono miwili. Kijana akaipokea kwa mkono mmoja, akainywa huku anamwangalia, hakugeuka pembeni hata kidogo kama adabu inavyotaka mbele ya mkubwa, na jasho linamtiririka.

"Ya moto hii, Chil-seong. Uliiacha juani?"

"Nisamehe, kaka."

"Na masharubu yako hayo. Nani alikubandika kiwavi aliyekufa?"

Masharubu nilibandika mimi, lakini nilicheka kuliko wote. Mzee akayashika kwa huzuni ya uongo. Kijana akapata moto. Akamwambia anakoroma mpaka farasi wanaamka, akamwambia anakula kimchi ya wenzake, akamwambia akaze mkanda. Mzee anainama tu, "ndiyo kaka, nimekosa kaka," macho yanamcheka. Halafu kijana akaweka bakuli chini, na uso wake ukabadilika.

"Na jambo jingine, Chil-seong. Mbona unaficha uso?"

Vijiti vikawekwa chini.

"Kila nikikupiga unageuka," Woo-gyeom akasema. Macho hakuyashusha. "Bega linapanda, kofia inashuka, unaipa kamera kisogo. Mimi naharibu, najua naharibu. Lakini ile mara niliyopatia, wewe ulikufa kwa mgongo."

Ilikuwa kweli. Tena tulikuwa tumeona sote. Nilikuwa nimeona mimi tangu mara ya kwanza, Pyo aliona kwenye skrini yake, mshika kamera aliona kwa jicho lake. Lakini nani amwambie mzee wa hadhi ile, bingwa wa kuanguka, kwamba hajui kuanguka? Tukampa kijana lawama, kwa kuwa yeye ni mdogo na lawama inamkaa. Hayo ndiyo maadili yetu, na siku ile yalinitia aibu.

Mzee Bong alitugeukia mmoja mmoja. "Mliona?"

"Tuliona, mzee," nikasema.

"Na mkanyamaza."

"Tungesemaje?"

Akakaa chini kwenye mkeka, taratibu, goti kwanza. "Sikujua," akasema. "Wallahi sikujua. Nilipokuwa na umri wa huyu, uso wangu ulionekana mara moja, kidogo tu, mkanda ukaharibika. Nilipigwa kofi mbele ya watu wote. Kuanzia hapo mwili ukashika wenyewe. Nadhani nimekaza uso mbele, kumbe bega limeshaniamulia."

"Leo unamfichia nani?" Woo-gyeom akauliza. "Shati ni lako. Jina ni lako."

Nami nikaona nafasi yangu ni hapo hapo. "Mke wako anasema ameolewa na mgongo."

"Amesema hivyo?"

"Kwa sauti. Kambi nzima imesikia."

Mzee akacheka, kicheko kidogo cha puani. Kisha akamnyooshea kijana mkono ainuliwe. "Kaka, mimi bega langu siwezi kulizuia peke yangu. Ukinipiga, niite."

"Nikuite kwa sauti? Na kamera inazunguka?"

"Mwite!" Pyo akaruka, amefufuka. "Mwite, mtukane, fanya unalotaka! Sauti tutaingiza baadaye studio. Waitaliano walifanya hivyo hivyo!"

Tukakimbia. Wingu lilikuwa limeshafika juu ya tuta la bahari na upepo umebadilika. Nikampaka mzee vumbi la mwisho, nikarekebisha kiwavi. Mikono yake ilikuwa baridi. "Usiogope," nikamwambia. Akanijibu, "Dada Ma, nimeanguka kutoka kwenye treni. Siogopi kuanguka."

Wakasimama. Unga wa nafaka ukapulizwa, ukapita kati yao. Woo-gyeom alimkazia macho mzee, na safari hii hakuwa mjukuu wa mtu. Mzee naye akamkazia. Walitazamana mpaka nikasahau kwamba koti ni kazi yangu. Nilimwona mkuu wa majambazi, na nilimwogopa.

Kijana akachomoa kwa mkono mmoja. Risasi ikalia. Bega la Mzee Bong likapanda, lile lile, kofia ikaanza kushuka.

"Chil-seong!" Woo-gyeom akapiga kelele. "Huku! Geuka huku!"

Na mzee, yuko njiani kuanguka, akageuka. Alivuta bega lake kama unavyomvuta ng'ombe aliyeingia shamba la jirani, kwa nguvu zote, goti likamsaliti, akaanguka chali, kofia ikabiringika, na uso ukabaki juu, wote, peupe. Ulikuwa uso wa mtu aliyeitwa na akaitika. Macho aliyaacha wazi. Nililia bila aibu, sindano mdomoni.

Pyo hakusema kata. Alikuwa ameziba mdomo kwa kofia. Basi kwa kuwa kata haikusemwa, mchezo ulikuwa unaendelea, na Woo-gyeom akatembea mpaka alipolala mzee, akasimama juu yake.

"Umekufa vizuri, Chil-seong."

"Asante, kaka," maiti ikajibu bila kutikisa midomo.

"Kata," Pyo akasema hatimaye.

Neno halijamalizika, kijana alikuwa ameshapiga magoti, paji la uso kwenye chumvi. "Nisamehe, mzee! Nisamehe! Shikamoo mzee!"

"Marahaba, mwanangu." Mzee akainuka kwa kiwiko. "Kwa hiyo masharubu yangu ni kiwavi, eh?"

Mvua haikungoja hata asubuhi. Ilitukuta tunafunga mahema, na ule unga wote ukageuka uji miguuni mwetu.

Filamu ilipotoka, Pyo alitualika sinema moja ya Seoul. Bi Mal-sun alikuja na wanawake wa jengo lao, safu nzima, nywele zimetiwa mawimbi, na binti yao akakaa mwishoni. Mimi nilikaa nyuma ya mzee. Pambano lilipokaribia, kinanda cha mdomo kikaanza, Pyo kaingiza sauti zake zote pale, upepo, nzi, kengele. Kumwita kwa Woo-gyeom hakukuwamo, lakini mimi nilikusikia. Nikamwona Mzee Bong kwenye kiti chake anateremka polepole. Bega likapanda. Kidevu kikaingia kifuani, akainama anaangalia kopo lake la bisi, sinema nzima inamtazama yeye na yeye hayupo.

Kwenye kioo risasi ikalia, uso wake ukageuka, ukajaa ukuta mzima. Binti yake mwenye watoto wakubwa akainua mkono, akapunga.

Bi Mal-sun hakuondoa macho mbele. Alipeleka mkono pembeni gizani, mwanamke wa umri ule, mbele za watu, akamshika mumewe kidevu.

"Inua uso, wewe," akamwambia. "Unakufa."